Sura ya Kompyuta ya Umma: Kwa Nini Nilibadili Kura Yangu

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyama vyetu vya siasa. Leo naomba radhi, kwa kuwa nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa jina lake halionekani kuwa la siasa hata chembe, nalo ni sura anayoiona mtumishi au mwanafunzi anapowasha kompyuta ya umma. Naomba msiondoke mapema. Nimekaa katika kamati nyingi tangu nianze kazi ya ualimu, lakini ni chache zilizonifundisha habari za madaraka, mazoea na usawa kama ile iliyokaa kuamua sura hiyo.

Chanzo cha kamati yetu kinafahamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, una masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel huanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. Kompyuta za maabara yetu na za masijala zilinunuliwa au kupokewa kama msaada kabla ya hapo, na nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Zinawaka, zinaandika na zinachapa. Hatia yake pekee ni umri.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya, na fungu hilo halimo katika bajeti. Ya pili ni kuendelea kama tulivyozoea, yaani kumwita fundi aje "kupiga Windows" kwa flashi iliyozunguka mji mzima, bila leseni na bila kujua ndani ya flashi hiyo kumejificha nini. Ya tatu ni kuhamia Linux, mfumo endeshi huria ambao hauna ada ya leseni na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote atakaye kuusoma. Menejimenti ilikubali ya tatu. Watu wengi hudhani kwamba hapo mjadala umekwisha, kumbe hapo ndipo unapoanza.

Anayenunua Windows hupewa mfumo na sura yake vikiwa kitu kimoja. Hachagui mahali pa menyu wala namna madirisha yanavyopangwa. Hayo yamekwisha kuamuliwa na kampuni. Katika Linux mambo hayo mawili yametenganishwa. Kuna kiini kinachozungumza na vifaa, na juu yake kuna kile ambacho watafsiri wetu wamekiita eneo-kazi: menyu, madirisha, aikoni, upau wa kazi, kitunza faili na mipangilio ambayo mtumiaji huishika kwa kipanya. Kiini ni kimoja, maeneo-kazi ni mengi. Kisakinishi cha Debian, toleo tulilokubaliana kulitumia, hufika mahali kikakuwekea orodha na kukutaka uchague: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, LXQt na mengineyo. Ukibonyeza tu kitufe cha kuendelea bila kufikiri, unapewa GNOME.

Katika kikao cha kwanza makundi yalijitokeza mara moja. Kijana wa kitengo cha TEHAMA alitetea GNOME kwa hoja kwamba ndilo chaguo-msingi, lina watengenezaji wengi, na lina kampuni kubwa nyuma yake. Mwenzake alitaka KDE Plasma kwa sababu lina upau chini na menyu pembeni, na mtu aliyetoka Windows hatapotea. Mimi nilitetea Xfce kwa hoja ya mtu maskini: ni jepesi, halina makuu, na kompyuta zetu ni za zamani. Mjumbe mmoja, ambaye hakuficha kuchoka kwake, akauliza kwa nini tunabishana juu ya mapambo wakati chai inapoa.

Swali lake lilinikera siku ile, lakini baadaye niliona kwamba lilistahili kujibiwa. Je, eneo-kazi ni pambo?

Historia yenyewe inasema si pambo. Mwaka 1996 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, Matthias Ettrich, alianzisha mradi wa KDE. Alikuwa amechoshwa na hali ya mifumo ya aina ya Unix, ambamo kila programu ilikuwa na sura yake na tabia zake, na mtu wa kawaida hakuweza kuitumia. Kazi ilikwenda kwa kasi, lakini ilijengwa juu ya maktaba ya programu iliyoitwa Qt, mali ya kampuni ya Norway, ambayo wakati huo leseni yake haikuwa huria kamili. Wapo waliosema haidhuru, maadamu inafanya kazi. Wapo waliosema kwamba nyumba huria haijengwi juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Mwaka 1997 vijana wawili wa Meksiko, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME, si kwa sababu walichukia rangi za KDE, bali kwa sababu walikataa msingi ule. Mwaka 2000 Qt ikatolewa chini ya leseni huria ya GPL. Kwa maneno mengine, ushindani uliozaliwa na msimamo wa kimaadili ulisaidia kumsukuma mwenye kiwanja afungue hati yake.

Mwanafunzi wa siasa atatambua hapo jambo analolijua. Mabishano yaliyoonekana kuwa ya madirisha na vitufe yalikuwa mabishano ya umiliki.

Tukio la pili ni la mwaka 2011, nalo linatuhusu zaidi sisi tulio katika ofisi za umma. Mwaka huo GNOME ilitoa toleo lake la tatu. Upau wa chini uliondolewa, menyu iliyozoeleka ikaondolewa, na kitufe cha kupunguza dirisha nacho kikaondolewa. Wabunifu walikuwa na sababu zao, na baadhi ni nzuri: walitaka mtumiaji asibughudhiwe na azame katika kazi moja. Lakini mamilioni ya watu waliamka siku moja wakakuta meza zao zimehamishwa bila wao kuulizwa. Hata Linus Torvalds, mwasisi wa kiini cha Linux, alilalamika hadharani na kuhamia Xfce kwa muda. Ubuntu nayo, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa mwaka uleule imewapa watumiaji wake eneo-kazi la Unity; miaka sita baadaye, mwaka 2017, ikatangaza kuliacha na kurudi GNOME.

Kilichonivutia zaidi katika kisa hicho ni kile kilichowezekana baada ya malalamiko. Katika programu ya kampuni, mtumiaji asiyeridhika ana haki moja tu, kulalamika. Katika programu huria ana haki ya pili: kuuchukua msimbo wa zamani na kuuendeleza mwenyewe. Mtengenezaji mmoja wa Ajentina alifanya hivyo. Alichukua GNOME ya pili, iliyokuwa imeachwa na wenyewe, akaiendeleza kwa jina la MATE, kutokana na kinywaji cha majani kinachopendwa huko Amerika ya Kusini. Waliotaka mpya walibaki na mpya, na waliotaka ya zamani hawakulazimishwa. Sijui katiba ngapi duniani zinawapa walio wachache haki pana kiasi hicho.

Basi, tukiwa na historia hiyo, kamati iliamua kuacha nadharia na kufanya jaribio. Tuliweka kompyuta nne za zamani katika ukumbi wa utumishi, kila moja na eneo-kazi lake: GNOME, KDE Plasma, Xfce na MATE. Kwa majuma mawili tuliwaomba watumishi wazitumie kwa kazi zao halisi: kuandika barua, kuchapa, kufungua kiambatisho, kunakili faili kwenye flashi na kuichomoa salama.

Mama mmoja wa masijala, ambaye amekaa kazini kuliko miaka ya baadhi ya wajumbe wetu, aliketi mbele ya GNOME, akaangalia kioo kikiwa kitupu, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hii imewaka au bado?"

Nilimwonesha kwamba imewaka, na kwamba akibonyeza kwenye kona atayaona madirisha yote. Alibonyeza, yakatokea, akafungua barua. Kisha akataka kuiweka pembeni kidogo ili aangalie faili jingine. Akatafuta kitufe cha kuipunguza. Hakukiona, kwa kuwa katika sura ya asili ya GNOME hakipo.

"Sasa nikitaka kuiweka chini nifanyeje? Au mmeamua tusiweke kitu chini?"

Vijana wa TEHAMA walicheka kwa upole, na mmoja akasema kwamba kitufe hicho kinaweza kurudishwa kwa dakika moja. Ni kweli. Lakini mama yule alikuwa amesema jambo zito kuliko alivyokusudia, kwamba mmeamua. Mtu anapokutana na mfumo mgeni hatambui maamuzi ya wabunifu. Hutambua upungufu wake mwenyewe. Nimeona watumishi wazoefu wakijiita wajinga mbele ya mashine ambayo kosa lake lilikuwa ni kutowauliza. Aibu ya namna hiyo ndiyo huua miradi ya kuhamia programu huria. Baada ya miezi sita mtu wa masijala humwita fundi kwa siri, na fundi huja na flashi yake.

Kuhusu uzito, jaribio letu lilinirekebisha hata mimi mwenyewe. Ni kweli kwamba baada ya kuwasha tu, maeneo-kazi mazito yalimeza kumbukumbu nyingi kuliko mepesi. Tofauti ilikuwa ya megabaiti mia kadhaa. Katika mashine ya gigabaiti 4 hilo si dogo. Lakini tulipofungua kivinjari na kurasa sita au saba za mtandao, kivinjari peke yake kilikula kuliko eneo-kazi lolote lile. Aidha, kompyuta mbili tulizozibadilishia diski ya kuzunguka tukaweka ya SSD zilifufuka kuliko tulivyotarajia, hata ile yenye KDE Plasma. Kwa hiyo hoja yangu ya wepesi, niliyoitetea kwa jazba katika kikao cha kwanza, ilikuwa kweli nusu tu. Eneo-kazi jepesi husaidia, halifanyi miujiza. Anayetaka kufufua kompyuta ya zamani kwa fedha kidogo aanze na diski, afuatie na kumbukumbu, ndipo ahangaike na eneo-kazi.

Hata hivyo kikao cha tatu kilipoanza nilikuwa bado upande wa Xfce, na nilikuwa na kura za kutosha. KDE Plasma lilikuwa limependwa kwa sura, lakini mipangilio yake ni mingi mno. Katika juma la pili mtumishi mmoja alikuwa ameburuta upau hadi juu ya kioo bila kujua alivyofanya, na mwingine ameufuta kabisa. Tulikuwa tumebakiza mawili, Xfce na MATE, na kwa macho yetu yanafanana kama mapacha. Mwenyekiti alikuwa karibu kuita kura.

Mwakilishi wa wanafunzi wenye ulemavu, kijana asiyeona wa mwaka wa pili, alikuwa amealikwa kama mjumbe asiyepiga kura. Alikuwa amenyamaza vikao vyote vitatu. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Katika hizo mbili mlizobakiza, ipi itanisomea?"

Hakuna aliyejibu. Watu saba, vikao vitatu, majuma mawili ya majaribio, karatasi tatu za ulinganisho wa uzito, rangi na mpangilio wa vitufe, na hapakuwa hata na mstari mmoja juu ya swali hilo. Mimi ninayeandika hapa kila mwezi juu ya walioachwa pembezoni nilikuwa mmoja wa hao saba.

Kikao kiliahirishwa, na siku iliyofuata tuliketi naye maabara. Ilinibidi nijifunze upya. Kwa miaka yote amekuwa akitumia Windows pamoja na NVDA, programu inayomsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. NVDA ilianzishwa Australia mwaka 2006 na mtu asiyeona, nayo ni programu huria. Maana yake ni kwamba katika kamati nzima iliyokuwa ikijadili kuhamia programu huria, aliyekuwa ameitegemea kila siku tangu sekondari ni yule ambaye hatukumpa kura.

Shida ni kwamba NVDA hufanya kazi katika Windows tu. Katika Linux msomaji wa kioo huitwa Orca, na ulizaliwa ndani ya familia ya GNOME. Tulipoujaribu, GNOME ulisoma vizuri. MATE, kwa kuwa ni mtoto wa GNOME ya zamani, ulirithi utaratibu huo na kuutunza. Menyu, upau na kitunza faili vyote vilisema. Katika Xfce, eneo-kazi langu, Orca ulifanya kazi ndani ya kivinjari na ndani ya programu ya kuandikia, lakini kwenye upau na baadhi ya mipangilio ulinyamaza au kutamka neno lisilosaidia. Kijana yule alibonyeza vitufe mara kadhaa, akasubiri, kisha akatabasamu.

"Hapa napaona giza, mwalimu," alisema, na sote tulicheka kwa sababu yeye ndiye aliyeanza.

Jambo moja lilimfurahisha. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile anayoijua. NVDA na Linux hushirikiana kutumia kitamkaji huria kiitwacho eSpeak NG, na kitamkaji hicho kina Kiswahili. Ni sauti kavu, ya chuma, na lafudhi yake si ya Mrima wala ya bara. Lakini anaielewa hata ikikimbia kasi ambayo sisi wengine tulisikia kelele tu. Tuligundua pia kwamba kisakinishi cha Debian chenyewe kinaweza kuendeshwa kwa sauti toka mwanzo, kiasi kwamba mtu asiyeona anaweza kusakinisha mfumo mzima bila kushikwa mkono. Alisema angependa kusakinisha kompyuta yake mwenyewe. Alifanya hivyo Jumamosi iliyofuata.

Nilibadili kura yangu. Kamati imependekeza MATE kwa maabara ya jumla na ofisi zote, na pendekezo litafika mbele ya menejimenti juma lijalo. Kwa kuwa nimesikia pingamizi kadhaa kwenye korido, nazijibu hapa hadharani.

Pingamizi la kwanza lasema kila mtu na ajichagulie. Linux inaruhusu maeneo-kazi kadhaa katika kompyuta moja, na mtumiaji huchagua anapoingia. Ni kweli, na wanafunzi wa idara ya kompyuta waachwe wajichagulie wapendavyo. Lakini uzoefu wetu katika majuma yale mawili ulionesha kwamba watumishi wengi hawakugusa mipangilio hata mara moja. Wanaoweza kuchagua ni wale wanaokwisha kujua. Chaguo-msingi ndilo chaguo la wasiojua, na kwa hiyo ndilo la wengi. Anayeamua chaguo-msingi ana madaraka, hata kama anajiona fundi tu.

Pingamizi la pili lasema MATE ni la zamani na halina watengenezaji wengi. Hili ni zito, wala sitaki kulifunika. Ulimwengu wa Linux unahama kutoka X11, utaratibu wa kuchora madirisha ambao asili yake ni MIT katika miaka ya 1980, kwenda Wayland. GNOME na KDE ziko mbele katika safari hiyo. MATE linakuja nyuma, tena kwa kundi dogo la watu. Lakini toleo la Debian tulilochagua, la 13, lilitoka Agosti 2025 na lina takriban miaka mitano ya masasisho ikiwa tutahesabu muda wake wa nyongeza. Kompyuta hizi za zamani hazitafika huko zote. Tunachagua kwa ajili ya mashine hizi na watu hawa, na kabla ya miaka mitano kwisha tutakaa tena. Uamuzi wa umma hauhitaji kuwa wa milele. Unahitaji tarehe ya kupitiwa upya.

Pingamizi la tatu husemwa na wazazi na baadhi ya wanafunzi: kazini watakuta Windows, kwa nini tuwafundishe kitu kingine? Ninalijibu kwa kuuliza tunawafundisha nini hasa. Anayejua kwamba faili lina mahali pake, kwamba kichwa cha habari si maandishi yaliyokolezwa tu, kwamba hesabu ya jedwali hujengwa kwa fomula, atafanya kazi popote. Anayejua tu kwamba kitufe kiko kushoto chini atapotea siku kampuni itakapokihamisha katikati, kama Windows 11 ilivyofanya.

Pingamizi la nne hutaja jiji la Munich, na ni haki litajwe. Baraza la jiji hilo liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 likapiga kura ya kurudi Windows. Wapinzani wetu husema: kama Wajerumani wameshindwa, sisi ni nani? Lakini uamuzi wa kurudi ulikuwa wa kisiasa kama ulivyokuwa wa kuhamia, na tusichukue mfano mmoja tukaacha mwingine. Jeshi la polisi la Ufaransa liitwalo Gendarmerie lilianza mwaka 2005 na programu ya kuandikia tu, likafuatia kivinjari na barua-pepe huria, na ndipo mwaka 2008 likaanza kubadili mfumo wenyewe kwenda Ubuntu. Watumishi walipofika kwenye eneo-kazi jipya walikuta ndani yake programu wanazozijua. Walibadilishiwa nyumba, vyombo vikabaki vilevile. Napendekeza tufuate njia hiyo: LibreOffice na Firefox ziwekwe kwanza kwenye Windows iliyopo kwa muhula mmoja, ndipo eneo-kazi lifuate.

Limebaki moja ambalo si pingamizi bali ni deni letu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux. Maneno kama eneo-kazi yana mizizi katika juhudi za namna hiyo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, hakuna hata moja kati ya maeneo-kazi tuliyoyajaribu lililokamilika kwa Kiswahili. Ukichagua lugha yetu unapata mchanganyiko: menyu moja inasema Kiswahili, inayofuata Kiingereza. Hapa hatuwezi kumlaumu beberu wala kampuni. Mlango uko wazi. Tafsiri hupokelewa kutoka kwa yeyote. Tuna idara za Kiswahili zenye wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, na tuna mabaraza ya lugha. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na kuandika. Nimeahidi kuandaa kundi la wanafunzi wa isimu na wa kompyuta watakaoanza na menyu za MATE muhula ujao, na natangaza hapa ili mnisute nisipotimiza.

Watumishi wa umma mnaosoma makala haya, najua baadhi yenu mtakabiliwa na uamuzi kama wetu, kwa sababu Oktoba ile haikuja kwa chuo kimoja tu. Msikubali kuambiwa kwamba ni suala la kiufundi liachiwe mafundi. Ulizeni nani ameketi mbele ya kioo mkifanya majaribio. Ulizeni nini kitatokea kwa asiyeona, kwa aliyebakiza miaka miwili astaafu, kwa asiyemudu Kiingereza. Ulizeni mtafanya nini siku mtakapotaka kubadili mawazo. Majibu yakipatikana, jina la eneo-kazi litajileta lenyewe, na si lazima liwe lile tulilochagua sisi.

Na pale mezani kwenu, kabla mwenyekiti hajaita kura, hesabuni nani hajasema. Sisi tulikaribia kumaliza kazi yote bila kumsikia aliyeijua kuliko sote.

Naomba kutoa hoja.